Ulimi wa Mama Ulivyonguruma

Ah, mama yangu Gunhild! Alishatangulia zamani, lakini mpaka leo nikinywa kahawa namkumbuka, na bado naumia. Sisi watu wa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, hatupendi makuu, ila yeye alizidi. Umpe kitu kitamu namna gani, jibu ni lilelile: "Kiasi tu."

Masikio yalimziba nikiwa msichana mdogo, tukawa tunaandikiana ubaoni kwa chaki. Nilipokuwa muuguzi, nikampeleka kwa Daktari Rosvall amfanyie upasuaji. Kifupa cha ndani ya sikio kilikuwa kimegoma kutikisika. Tabu ni kwamba mshipa wa fahamu wa ladha unapita papo hapo, mwembamba kama uzi. Kama upande ule wa ulimi ulishakufa, daktari angeukata mshipa huo tu apate nafasi. Ukiwa hai, angehangaika kuukwepa.

Basi akamdondoshea ulimini, upande ule, tone mojamoja la maji ya sukari, hafifu kwanza, kisha zito zaidi na zaidi. Nikamwandikia: utamu ni ngapi, sifuri mpaka kumi?

"Tano," mama akasema. La pili, tano. La mwisho, tano.

Rosvall akanivuta pembeni. "Barbro, upande huu hauna kitu. Naukata."

Nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA, ACHA ADABU ZAKO, UTAKATWA LADHA!

Akanikazia macho. "Hilo la mwisho lilikuwa tamu mpaka meno yakauma. Sasa niseme kumi, daktari wa watu adhani naomba jingine?"

Rosvall alicheka mpaka akakaa.

Siku ya upasuaji mama alikuwa macho, sikio limetiwa ganzi. Daktari akagusisha waya kwenye mshipa, waya ukaenda kwenye spika ili tuusikie mshipa ukifanya kazi. Nikadondosha sukari hafifu, spika ikakwaruza kidogo. Nikadondosha nzito, ikanguruma.

"Mbili," mama alisema kwanza. Kisha, "Tisa. Mniwie radhi."

Mshipa na mdomo vilikuwa vimepatana. Rosvall akaukwepa polepole, jasho likimtoka, akakisukuma kifupa mpaka kikatikisika. Nikadondosha tena.

Mama akashtuka. "Jamani, epueni hicho kikaango, kinaunguza!"

"Si kikaango, mama," nikasema. "Ni ulimi wako huo."

Machozi yakamtiririka.

"Barbro? Ni wewe unayeongea? Mbona una sauti ya mtu mzima?"