Msumeno Uliozimika Katikati ya Shina

Fundi alimtambua yule mwanamke kabla hajavuka mlango wa karakana, akakunja uso. Alikuwa ameolewa katika nyumba ile ile ambayo mdogo wake fundi, dada wa tumbo moja, alifukuzwa kama mwizi na virago vyake vikatupwa barabarani. Hakumpa kiti. Mwanamke naye hakungoja kupewa. Alitua gunia juu ya meza ya kazi, likagonga kwa kishindo cha chuma, akalifungua. Ndani mlikuwa na msumeno wa injini, mnyororo wake ungali na unyevu wa maganda ya mti.

Habari yenyewe fundi alikuwa nayo, kama mtaa mzima. Shemeji wa huyu mwanamke, yule mkata miti aliyekuwa mume wa dada yake fundi, alikuwa akiangusha mti nyuma ya ghala, na kaka yake mkubwa akivuta kamba. Msumeno ukazimika ukiwa katikati ya shina. Mti ulikwisha anza kulala. Shina likapasuka, likajipinda upande ambao hakuna aliyeutarajia, likamwangukia mwenye kamba. Sasa alikuwa amelazwa, mguu umefungwa vyuma, na huyu hapa ndiye mkewe.

Alieleza haja yake bila kuzunguka. Shemeji yake ni mlevi. Asubuhi ile alitia petroli tupu, bila kuchanganya oili, injini ikaungua. Ukoo ungekaa kesho yake kulizungumza, na ikithibitika ni uzembe wake, atanyang'anywa mashine zote na kutolewa katika kazi ya familia. Alichotaka ni fundi afungue, aone, kisha aje aseme mbele ya wazee.

"Mafundi wamejaa mji huu," fundi alisema. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu humpendi. Najua hutamfichia."

Fundi hakukanusha. Alichukua bisibisi, na moyoni, kusema kweli, alichekelea.

Alikuwa hajafungua hata kifuniko pale mlango ulipozibwa na kivuli. Mkata miti mwenyewe. Kuna mtu alikwisha mpenyezea habari. Hakusalimu. Alisema hataki mashine yake ishikwe na mtu ambaye angefurahi kumwona kaburini. Fundi akamjibu, bila kuinua macho, kwamba kaburi ni mbali. Yeye angeridhika na jela. Mwanamke akamwambia shemeji yake kwamba asiye na hatia haogopi bisibisi. Basi mkata miti akajiegemeza kwenye fremu ya mlango, mikono kifuani, akakaa hapo kama askari.

Fundi alivuta kamba ya kuwashia. Haikusogea hata kidogo. Alifungua plagi, ncha yake ilikuwa nyeupe kama mfupa ulioachwa juani, dalili kwamba injini ilipata joto la kupindukia. Akatoa ekzosi na kumulika kwa tochi kwenye tundu lake. Pistoni ilikuwa imechanika mistari mistari kutoka juu hadi chini, na chuma chake kimeyeyuka na kugandia ukuta wa silinda.

Alimsogezea mwanamke tochi. Mwanamke alitazama mambo asiyoyajua, lakini uso wa fundi aliuelewa.

"Si nilisema?" akamgeukia shemeji yake. "Umemlemaza mume wangu kwa pombe zako."

Mkata miti alisema hajagusa pombe asubuhi ile, na oili alichanganya kwa mkono wake. Sauti yake ilikuwa ya chini, na fundi alichukizwa nayo zaidi kuliko kama angefoka. Ndiyo sauti ile ile aliyowaambia nayo wazee, siku ya talaka, kwamba mke hana adabu.

Fundi angeweza kuishia hapo. Mistari ile kwenye pistoni ingemtosha mzee yeyote. Lakini mkono wake ulikwisha zoea kazi, ukaendelea. Alimuuliza mwanamke kama kuna mtu aliyeigusa mashine tangu ajali. Mwanamke akaapa kwamba aliichukua yeye mwenyewe pale pale chini ya mti na kuifungia chumbani kwake. Basi fundi akadondosha mafuta ya tangi kwenye karatasi nyeupe, akangoja. Petroli iliruka. Kwenye karatasi likabaki doa pana, lenye mafuta, la rangi ya kijani.

Oili ilikuwamo.

Aliitazama karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha, kwa hasira, kana kwamba mashine ndiyo iliyomtukana, akatoa kabureta, akaziba matundu kwa vipande vya mpira, akaunganisha pampu ya baiskeli na kuizamisha injini kwenye beseni la maji. Alipopiga pampu, mapovu membamba yalipanda mfululizo kutoka ubavuni, pale penye sili, kipete cha mpira kinachozuia hewa isipenye kwenye krenki. Kilikuwa kimezeeka na kupasuka. Hewa ilikuwa ikiingia kwa wizi, mafuta yakawa haba ndani, joto likapanda. Mwisho akang'oa silinda. Chini, beringi zilikuwa zinang'aa kwa oili, si kavu kama za injini iliyonyimwa.

"Injini ilianza lini kulia kwa sauti ya juu?" alimuuliza mkata miti, na hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia uso kwa uso tangu talaka.

"Nikiwa nimekwisha vuka nusu ya shina. Ningeuachaje mti umesimama hivyo, na kaka yuko chini?"

Fundi alijifuta mikono. Akamweleza mwanamke kwamba oili ilikuwamo, kwamba kilichoua injini ni mpira uliochoka, na kwamba hakuna mkataji ambaye angeuona bila kuipasua mashine nzima. Kesho angesema hivyo hivyo.

Mwanamke akamuuliza amehongwa nini. Akasema wanaume ni wale wale, wanafukuziana wake na bado wanabebana. Akatoka, gunia ameliacha mezani.

Mkata miti alikusanya vipande vya injini kimoja kimoja. Hakushukuru. Mlangoni alisema fundi asije akadhani sasa wamekuwa watu wa karibu. Fundi akamwambia atoke kabla hajabadilisha mawazo.

Jioni alipofika nyumbani, dada yake alikwisha sikia. Alikuwa amesimama jikoni, mgongo kwake, anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Fundi alijaribu kumweleza habari za sili na mapovu. Dada alimwacha amalize.

"Aliposema mimi sina adabu," dada yake alisema, "wazee walimwamini papo hapo. Na wewe ulikuwepo, kaka. Nani alifungua chochote akaangalia?"

Fundi akaichukua ile sufuria safi, akaipangusa na kuirudisha mahali pake.

Kesho yake alikwenda kwenye kikao na kusema alichokiona. Mkata miti akabaki na kazi yake. Mke wa kaka mtu hakumsalimu fundi tena, hata walipokutana hospitalini. Dada yake aliendelea kumpakulia chakula kila jioni, akakiweka mezani, kisha akaenda kula chumbani kwake na mlango umefungwa.