Kompyuta Kumi za Kabambare

Disiki ilianza tena: ta, ta, ta, kisha kimya. Madame Régina akaizima kompyuta ya saba, akafungua ubavu wake kwa bisibisi, akachomoa kipande cha memori na kukisugua kwa ufutio wa penseli. Nje, jenereta ya kuazima ilinguruma. Mwenye nayo alitaka irudishwe saa nane.

Kwa miaka sita Régina alikuwa akifundisha kompyuta katika shule hii ya Kabambare kwa kuchora kibodi, yaani klavie, ubaoni. Miaka hiyo yote Serikali haikumlipa hata mwezi mmoja, kwa kuwa jina lake lilikuwa halijaingia kwenye listi ya mishahara. Jana, mradi mmoja ulileta mashine kumi, zikiwa ndani ya maboksi, kwa pikipiki kutoka Kasongo. Karatasi ya mapokezi ilisema: "Kumi, mpya kabisa." Ndani ya kila aliyoifungua alikuta vumbi la miaka ya watu wengine.

Flashi ya mradi ilikuwa imekataa tangu asubuhi: mfumo uliomo ni wa juzi, prosesa hizi ni za zamani mno. Akachukua flashi yake mwenyewe, yenye mfumo mwepesi wa zamani. Saa ya mashine ilidai ni mwaka 2002. Akairekebisha, akaiamuru mashine isome flashi kwanza. Logo ikatokea. Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini na nane.

Ikaganda.

Ndipo akaingia Bwana Blaise, mtu wa mradi, pamoja na Prefe Octave, mkuu wa shule.

"Aa, si iko inawaka!" Blaise akatoa simu. "Prefe, ita watoto. Waweke mikono juu ya klavie, wacheke."

"Haiwaki," Régina akasema. "Imekwama. Nimejaribu saba, hakuna hata moja yenye kumaliza. Disiki zimekufa."

"Madame, picha haiulizi asilimia."

"Na watoto wa mwaka wa sita, ku egzame wataulizwa picha?"

Blaise akaweka ile karatasi ya mapokezi mezani. "Saini hapa. Dosie yako ya mshahara iko ku meza ya rafiki yangu kule Kasongo. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Akachukua kalamu, akakata maneno "mpya kabisa", na juu yake akaandika: "Za zamani. Nimejaribu saba, zote mbovu." Akatia saini. Kisha akabonyeza kitufe cha mashine, akakishikilia mpaka logo ikafa na kioo kikawa cheusi.

"Haya, piga sasa."

Blaise aliikunja ile karatasi, akaitupa, akatoa nyingine ndani ya mfuko. Alikuwa nazo nyingi.

"Prefe."

Octave alimtazama Régina, akatazama chini, akasaini.

"Niko na watoto mia nne, Madame," akasema polepole. "Tukikataa, mwaka kesho watatunyima hata chaki."

"Chaki walitupa lini?"

Prefe akatoka kuwaita watoto.

Picha ikapigwa uani, mbele ya makarto, yale maboksi ya mashine, watoto wakicheka kama walivyoambiwa. Makarto, kusema kweli, yalikuwa mapya.