Zulhilmi Anaomba Nafasi ya Kusema

Wali uliungua siku ile kwa sababu ya heshima. Sikuwahi kuona heshima ikitoa moshi, lakini jikoni kwa Anti Shenaz niliiona, na ilinuka.

Mambo yalikuwa hivi. Anko Akberali, mume wa Anti Shenaz na mwenye nyumba wetu, alikuwa amesimama katikati ya jikoni akisimulia habari za duka la baba yake kule Kisumu. Duka hilo lilifungwa miaka hamsini iliyopita, lakini mdomoni mwa Anko bado linafunguliwa kila siku saa mbili asubuhi. Aliyekuwa akisimuliwa ni Zulhilmi, mwanafunzi kutoka Malaysia, mpangaji mwenzangu. Nyuma ya Anko kulikuwa na jiko, na juu ya jiko sufuria. Zulhilmi aliiona sufuria ikianza kufuka. Akaitazama, akamtazama Anko, akaitazama tena. Akanyamaza, mikono ameifunga mbele kama mtoto wa gwaride.

Mimi niliingia wakati king'ora cha moshi kinalia na Anko anakigombeza kwa kumkatiza.

"Zulu, ulikuwa umesimama hapa muda wote?" nilimuuliza.

"Ndiyo, abang." Abang kwao ni kaka mkubwa. Ananiita hivyo tangu siku ya kwanza, ingawa ninamzidi miaka miwili tu. Kiswahili hajui, tunaongea Kiingereza, kwa hiyo hapa ninakutafsiria bure.

"Na moshi hukuuona?"

"Niliuona. Lakini Anko alikuwa hajamaliza."

Anti Shenaz alifunua sufuria, akachungulia, akafunika. "Hajamaliza," alisema. "Mwanangu, nimeolewa naye miaka arobaini na moja, na bado hajamaliza."

Nilicheka siku tatu. Siku ya nne Zulhilmi akanionyesha barua pepe kwenye simu yake, na kicheko kikakatika.

Anasomea mipango miji katika chuo kimoja katikati ya Toronto. Somo lake moja linaendeshwa kwa semina: wanafunzi kumi na watatu wanakaa kuzunguka meza, wanajadili. Theluthi ya alama inatolewa kwa kuongea. Wiki tisa zilikuwa zimepita, na Zulhilmi hakuwa ametoa neno. Profesa aliandika kwa upole, ule upole wa daktari wa meno: zimebaki semina tatu, na kwa hali ilivyo, utaanguka. Serikali ya kwao ndiyo inayomsomesha, na mkataba unasema ukianguka somo moja unarudi nyumbani.

"Majibu huyajui?" niliuliza.

Alifungua begi akatoa daftari. Kurasa zilikuwa zimejaa mwandiko mdogo kama chawa, na tarehe pembeni. Mambo yote ambayo angeyasema.

"Sasa shida ni nini?"

"Kila nikitaka kusema, kuna mtu anasema."

"Akimaliza?"

"Mwingine anakuwa ameshaanza. Hawaachi hata mwanya wa kupumua. Kwetu mwalimu anakuita jina, unasimama, unajibu. Huyu haniiti."

"Ingia tu kati, kwa nguvu."

Alinitazama kama nimemwambia amvue Profesa viatu. Kwao, kumrukia mtu mzima katikati ya maneno ni kuutangazia ulimwengu kwamba mama yako hakukulea.

Sasa, mimi kidato cha nne nilimaliza Kisii kwa gredi ambayo hatuijadili mezani. Hapa ninapakia mikate katika ghala moja huko Scarborough, mashariki mwa jiji. Lakini kwa maneno, mimi ni daktari wa falsafa. Nikamwambia aniachie kazi. Mpango ulikuwa rahisi: kila jioni mezani Anko atakuwa ndiye profesa, bila yeye mwenyewe kujua, na Zulhilmi lazima amkatize kabla chai haijaja.

Jioni ya kwanza aliinua mkono. Anko akamwambia, "Choo kiko palepale, mwanangu, hakijahamishwa."

Jioni ya pili alikohoa ili apate mwanya. Anti Shenaz akamletea tangawizi na asali, akamfunga shali shingoni, akamwambia Toronto si mahali pa kuchezea kifua. Alikunywa vikombe vitatu. Mwanya haukupatikana.

Jioni ya tano nilimkanyaga mguu chini ya meza. Alifungua kinywa, akavuta pumzi, akasema, "Anko, tafadhali endelea."

Semina ya kumi ikapita kimya. Ya kumi na moja pia. Ikabaki moja, Alhamisi.

Jumapili kabla ya hiyo Alhamisi nilimkuta chumbani anakunja mashati, anayapanga sandukuni.

"Unaenda wapi?"

"Siendi. Nilitaka kuona tu kama vyote vinaenea."

Nilitafuta utani wa kumjibu. Mimi nina utani wa misiba, wa magereza, wa ukoo wangu mzima. Nilitafuta kote, sikupata. Nikamwambia avae koti, tunatoka.

Nilimpeleka mtaa wa Kingsview Village, kwenye sherehe ya Cherotich, dada mmoja wa nyumbani aliyekuwa amehitimu uuguzi. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu asishike yale mashati. Wakenya tulikuwa tumejaa ukumbini, na baada ya chakula hotuba zikaanza. Unajua hotuba zetu. Mtu anainuka, anafunga kifungo cha koti, anawasalimu wachungaji, wazazi, akina mama wa jikoni, wageni waliotoka mbali na waliotoka karibu, anamshukuru aliyemtangulia, anasema itifaki imezingatiwa, anasema hana mengi, halafu anaongea dakika ishirini na tano.

Nilikuwa ninamtafsiria Zulhilmi sikioni. Baada ya msemaji wa nne alinishika mkono.

"Abang, huyu aliitwa na nani?"

"Hakuitwa. Ameinuka tu."

"Na watu hawakukasirika?"

"Wakasirike vipi? Ameshawasalimu wote. Wewe unaweza kumfukuza mtu aliyekusalimu mpaka mama yako?"

Akafikiri. Uso ukaanza kubadilika, polepole, kama taa za ghalani zinavyowaka asubuhi. "Kwetu pia iko hii," alisema. "Sherehe za kwetu mtu anataja vyeo vya watu dakika kumi kabla hajasema neno. Mimi nilikuwa mshereheshaji shuleni. Vyeo ninavijua vyote kwa mpangilio."

"Zulu. Una kipaji hicho na unakaa kimya wiki kumi na moja?"

"Sikujua inaruhusiwa mezani."

"Inaruhusiwa popote," nilisema.

Hilo lilikuwa kosa langu, na nililisema kwa uhakika wote wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa la chuo kikuu.

Jumatatu jioni Anko alikuwa amefika kwenye sehemu ya baiskeli ya kwanza kuuzwa dukani, iliyonunuliwa na padri. Kiti kikasogea. Zulhilmi alisimama, mikono mbele.

"Anko Akberali, baba wa nyumba hii. Anti Shenaz, ambaye tunakula mkononi mwake. Abang Cliff, ambaye hajanyamaza tangu nimjue. Ninamshukuru Anko kwa kunitangulia. Sina mengi. Wiki iliyopita Anko alisema baiskeli ya kwanza alinunua mwalimu. Leo ni padri. Ningependa kujua ukweli."

Anti Shenaz aliweka kijiko chini. Mimi nilianza kuhesabu vyumba vya kupanga ninavyovijua mtaa wa Malvern, tukifukuzwa. Anko alikuna kidevu, akahesabu kitu kwa vidole.

"Mwalimu," alisema mwishowe. "Padri alinunua ya pili." Akamgeukia mkewe. "Umesikia, Shenaz? Kuna mtu ananisikiliza."

Alhamisi nilibadilishana zamu nikamsindikiza. Njia nzima ndani ya treni alikuwa akisogeza midomo bila sauti. Mlango wa darasa ulikuwa umeachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto la mabomba ya kupasha chumba, nami nikasimama nje, jicho moja ndani. Profesa alikuwa mama wa nywele fupi za mvi. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya maghorofa, na nilipoangalia vizuri, ni Crescent Town, jengo letu lenyewe. Niliona hata makopo ya rangi dirishani ambamo Anti Shenaz ameotesha giligilani.

Kijana wa sweta la kijani alikuwa anaeleza kwamba majengo kama haya ni masanduku ya wageni. Watu wanapanda na kushuka, hakuna anayemjua jirani yake. Aliongea vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Mwingine akamdaka, mwingine akamdaka huyo. Zulhilmi alikuwa anaandika. Dakika arobaini, anaandika tu. Nilitamani kuingia nikamkanyage mguu.

Kisha akasimama.

Katika chumba kile hakuna mtu anayesimama. Wanaongea wamelala vitini, mwingine kikombe kiko mdomoni. Yeye akasimama wima, akafunga kifungo.

"Profesa mheshimiwa. Wenzangu wa upande wa dirisha, na wenzangu wa upande wa mlango. Kaka wa sweta la kijani, asante kwa kunitangulia. Na kaka yangu Cliff, ambaye yuko nje na anadhani haonekani. Itifaki imezingatiwa. Sina mengi."

Vichwa vyote viligeukia mlangoni. Nilipunga mkono, ningefanya nini tena. Mtu akacheka, wakamfuata wengine, na hapo ndipo nilipojua kwamba si kila mahali inaruhusiwa, na kwamba nimemmaliza mtoto wa watu. Niliona masikio yake yakiiva.

Lakini Zulhilmi anajua kusubiri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alifunga mikono mbele akasubiri. Kicheko kikachoka, kikaisha, na yeye bado amesimama, na sasa kwa mara ya kwanza chumba kizima kilikuwa kimenyamaza kwa ajili yake.

"Jengo hilo ni kwetu," alisema. "Lifti moja imekufa tangu Septemba. Zimebaki mbili kwa ghorofa ishirini na sita. Nimeandika tarehe na muda tunaosubiri. Kwenye foleni ya lifti nimejua nani anajifungua mwezi ujao, na nani ameacha ufunguo wake kwa nani. Mzee wa ghorofa ya tisa anawanyoa majirani Jumamosi. Mtoto wa ghorofa ya kumi na tano akipotea, ninajua milango minane ya kubisha kwanza. Sisemi lifti isitengenezwe. Itengenezwe hata leo, Anti Shenaz magoti yanamuuma. Ninasema picha hii imepigwa kutoka barabarani. Kutoka barabarani humwoni mtu."

Profesa alitazama saa. "Asante sana, nadhani muda wetu..."

"Samahani, Profesa. Sijamaliza."

Alisema kwa sauti ileile ndogo, kichwa kimeinama kidogo, kama anayeomba chumvi. Profesa alimtazama. Kisha akavuta kiti nyuma, akakaa vizuri, akafungua kalamu. "Endelea," alisema.

Aliendelea dakika kumi na moja, daftari mkononi. Kijana wa sweta la kijani alimuuliza maswali mawili, akajibiwa yote mawili, na jibu la pili likamfanya aandike.

Walipotoka wengine, Profesa alimbakiza. Mimi bado nilikuwa mlangoni, sasa hakukuwa na haja ya kujificha.

"Siku moja haiwezi kujaza wiki kumi na moja," alimwambia.

"Ninajua, Profesa."

"Lakini hilo daftari sikujua kama lipo. Uje ofisini Jumanne, na Jumanne inayofuata. Utanisomea, nitakubishia, utanijibu. Hayo nayo nitayahesabu kuwa ni kuongea." Akafikiri. "Na ukija hapa tena, unaweza kukaa. Ila usiache kutusalimu."

Alikwenda Jumanne zote mbili, peke yake. Katikati ya Desemba alama zikatoka: amefaulu, pointi nne juu ya mstari. Pointi nne si nyingi. Ni kama kuwahi basi mlango unafungwa na koti lako limebanwa, lakini uko ndani.

Profesa ameomba jambo jingine. Januari anataka kulileta darasa jipya hapa Crescent Town, liketi na wapangaji wenyewe na kuwasikiliza. Zulhilmi ndiye wa kulipokea. Anti Shenaz ameshauliza watu hao wanavumilia pilipili kiasi gani, na mimi nimemwambia asiwaonee huruma.

Leo jioni Zulhilmi ameshika karatasi, anapita mlango kwa mlango kuwaomba majirani waje siku hiyo waseme. Ameanzia ghorofa ya tatu. Nilivaa viatu nimsindikize, nikijua atakwama kwenye mlango wa kwanza. Akaniambia nipumzike, abang, mikate imenichosha. Kwa hiyo niko hapa jikoni, ninamenya vitunguu, na amekwenda saa nzima sasa, bado hajamaliza.