Dole la Mzee Mustapha

Mzee Mustapha wa kijiji cha Busi alisoma mpaka darasa la tatu tu, na hilo la tatu lenyewe nusu lilikwenda kwenye kuchunga mbuzi. Lakini dole gumba lake haliweki ovyo. Fabian, kijana wa mradi, alipomsogezea karatasi na pedi ya wino, mzee akarudisha mkono ndani ya koti.

"Inasema nini?"

"Ya kutunza bonde, babu. Nyepesi kabisa. Tumeupima wepesi wake kwa kompyuta, ikapata themanini kwa mia. Mtoto wa darasa la nne anaielewa."

"Hiyo kompyuta inalima wapi?"

Foleni nzima nyuma yake ikacheka. Wote wana vitunguu bondeni, na jirani yake Masudi, aliyetangulia, alishaweka dole. Mustapha hana shamba jingine. La mlimani lilimezwa na korongo wakati wa mvua ile kubwa, ile iliyobeba hata zizi la shemeji yake, basi tu.

"Hapa kwetu tuna kipimo," akasema. "Mtu akitumwa ujumbe, hatoki mlangoni mpaka aurudishe kwa mdomo wake. Soma, mwanangu. Mama huyu atarudisha."

Fabian akasoma: "Wanufaika wanaridhia usitishaji wa shughuli za kilimo katika eneo la hifadhi ya chanzo kwa kipindi cha awali cha miezi thelathini na sita..."

Bi Mwamvua, mkewe, akakaza kanga. "Nimesikia tunanufaika. Mengine yote yalikuwa vumbi tu."

"Basi rudisha wewe, Fabian. Bila karatasi."

Kijana akaigeuza karatasi kifudifudi. Si mtoto mbaya, katumwa tu. "Maana yake... msilime bondeni. Miaka mitatu."

Masudi akaruka, "Ala! Na dole langu je?"

"Hapo sasa hata mbuzi kaelewa," alisema Mustapha. "Andika hivyohivyo."

Fabian akaandika nyuma ya karatasi kwa herufi kubwa. Mzee akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata, polepole, mpaka mwisho. Akaikunja, akamrudishia. Masudi alishachomoa ya kwake mezani, kaificha chini ya kofia, na foleni ikaanza kutawanyika.

"Babu, nitamwambia nini bosi?"

"Mwambie tumeielewa, ndiyo maana hatuweki dole. Haya, rudisha nisikie."

Fabian akarudisha: "Wameielewa, ndiyo maana hawaweki dole."

"Umepata mia kwa mia. Nenda."