Kijani cha Kumwagiliwa

Asubuhi ile Chiriku alimwambia mama yake kwamba kifua kinambana. Mama yake ndiye aliyekuwa mwalimu wa zamu ya bendera pale shuleni, na badala ya kumwinamia mtoto amsikilize anavyovuta pumzi, aliinua macho akatazama mlingoti.

"Bendera ni ya kijani," alisema. "Toka ukakimbie na wenzako. Usinitafutie visingizio mbele ya watu."

Mtoto akatoka. Alikuwa msichana wa maneno mengi, ndiyo maana akaitwa Chiriku, lakini siku hiyo hakuongeza hata moja.

Sheria mpya ya hewa ilikuwa nyepesi kuielewa, hata wanafunzi wa darasa la kwanza walikuwa wameikariri na kuiimba. Kwenye ukuta wa zahanati serikali ilifunga kisanduku cha kupimia hewa, na chini yake ubao wa taa. Ubao ukiwa kijani, hewa ni salama na watoto wacheze nje. Ukiwa njano, wenye vifua vibovu wajihadhari. Ukiwa mwekundu, watoto wabaki madarasani, na kiwanda cha saruji kizime tanuru lake la zamani mpaka rangi ibadilike. Basi kila asubuhi Mwalimu alipita zahanati, akautazama ubao, akaenda shuleni kupandisha bendera ya rangi ileile. Bendera zenyewe alizishona kwa mikono yake. Ya kijani ilikuwa imeshapauka kwa jua. Nyekundu ilikuwa bado na mikunjo ya kitambaa cha dukani, kwa kuwa tangu ishonwe haijawahi kuona upepo.

Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili zake. Madawati yalipanguswa asubuhi, na kufikia mapumziko ungeweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Nguo nyeupe zilianuliwa zikiwa na rangi ya majivu. Lakini mtu akishapewa taa ya kumwambia mambo yako shwari, macho yake mwenyewe huyapa likizo, na Mwalimu hakuwa tofauti na wengine.

Chiriku alianguka kwenye kona ya uwanja. Walipomfikia alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imegeuka rangi. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka zahanati, mtoto mwenye miguu mirefu inayoning'inia, na njia nzima alisikia filimbi nyembamba ikilia ndani ya kifua kile alichokiita kisingizio.

Muuguzi alimwekea mashine ya mvuke, akamwambia mama atoke nje kwanza apate hewa. Apate hewa! Alitoka. Akasimama kwenye ngazi, vumbi la chaki bado limemganda mikononi, akageuka kuutazama ubao. Ulikuwa njano, njano iliyoanza kuiva kuelekea nyekundu.

Hapo ndipo boza la maji la manispaa lilipokata kona.

Alilijua boza lile kama anavyoijua meza ya nyumbani kwake, kwa sababu dereva wake alikuwa mume wake. Mtaa mzima ulimwita Mvua. Alikuwa amemweleza mkewe kwamba wamempangia kutuliza vumbi mbele ya zahanati, asubuhi na mchana, kwa ajili ya wagonjwa, naye mkewe akajivunia. Kwenye vikao vya akina mama alikuwa akisema, wangu mimi anawanyweshea barabara wagonjwa, wenu wananywesha nini? Wakacheka wote.

Sasa alimwona akiifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Boza lilisimama. Feni kubwa iliyo nyuma yake ikaanza kunguruma, na mdomo wake, badala ya kuelekea barabarani kwenye vumbi, ukainuka polepole mpaka ukakikabili kisanduku. Ukungu wa maji ukakifunika. Barabara ilibaki kavu kama ilivyokuwa. Ubao ukapepesa, namba zikashuka, na njano ikawa kijani.

Mwalimu aliupita ukungu ule, akalowa kichwa mpaka kiuno, akagonga mlango wa dereva kwa ngumi.

"Mbona uko hapa saa hizi?" Mvua aliuliza.

"Chiriku yuko ndani, hawezi kupumua. Nilimtoa nje akakimbie kwa sababu ubao ulikuwa kijani." Alijifuta maji usoni. "Niambie, mume wangu. Kijani kile kilikuwa cha hewa au cha kwako?"

Mvua alizima feni, akashuka, akakimbilia ndani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaeleza akiwa ameinamisha kichwa. Afisa mazingira ndiye aliyempa agizo. Mwanzoni aliambiwa kisanduku kinaziba kwa vumbi, lazima kioshwe kama kioo cha gari, naye akaamini. Halafu akaanza kuona namba zinavyoshuka kila akikimwagia, akauliza. Akajibiwa kwamba ubao ukiwa mwekundu tanuru linazimwa, tanuru likizimwa wenye kiwanda wananuna, na mafuta ya boza hilohilo yanatoka kwao. Akanyamaza. Alidhani ni mambo ya wakubwa wanaozungushana wenyewe kwa wenyewe. Kuhusu bendera ya mkewe, hakuwaza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Watu wawili wanalala kitanda kimoja, wanakula sahani moja, mmoja anakitengeneza kijani alfajiri, mwingine anakichukua kukipandisha mlingotini, na jioni wanaulizana habari za kazi na kujibizana kwamba ni nzuri. Mwalimu alitamani kumpiga. Alitamani pia mtu ampige yeye. Lakini hasira ile ilikuwa kubwa mno kuimalizia kwa dereva wa boza, akaibeba jinsi ilivyo mpaka ofisini kwa afisa mazingira.

Afisa alimpokea vizuri, na hilo lilimuudhi zaidi. Alikuwa mtu wa tabasamu, ofisi yake ina madirisha yaliyofungwa kabisa na mashine ya kupoza hewa inayovuma. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: pole kwa mtoto, sote ni wazazi, pumu ni ya kurithi mara nyingi. Mwalimu aliposema kwamba amekiona kisanduku kikimwagiwa, tabasamu halikuondoka, lilipungua tu. Afisa akasema kama wananchi wana wasiwasi na kifaa, basi kifaa kitaondolewa kifanyiwe matengenezo. Na kanuni, alimkumbusha kwa upole, inasema siku isiyo na kipimo huhesabiwa kuwa siku ya hewa njema.

Mwalimu alirudi zahanati akiwa hajui anakanyaga wapi. Alikuwa amekwenda kudai ukweli, na kumbe amewapa sababu ya kuung'oa ukutani.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alikuwa bado kitandani pale zahanati, amechoka, anavuta pumzi moja moja. Mama yake alichungulia dirishani akamwona Mvua anaegemeza ngazi ukutani, spana mkononi. Alitoka mbio.

"Umekuja kukimwagia tena, mtoto akiwa nyuma ya ukuta huohuo?"

"Nimeambiwa nikitoe," alisema Mvua. "Nikipeleke stoo. Ngazi ndefu ninayo mimi peke yangu." Alikuwa amekwisha kufungua nati za upande mmoja, lakini mkono ulikuwa umekataa kuendelea. "Nikikataa wataleta mwingine. Sijui nifanye nini, mama Chiriku. Nimesimama hapa kama mjinga."

Mwalimu alikitazama kisanduku. Juu yake kulikuwa na kioo cha umeme wa jua, na ubao ulikuwa unawaka bila waya wowote kutoka ndani ya jengo.

"Kikitoka ukutani kinazimika?"

"Hakizimiki. Kinajitegemea."

"Na wamekwambia upite njia gani kwenda stoo?"

Mvua akaelewa: hawakumtajia njia. Halafu akapanda ngazi, akamalizia nati zilizobaki.

Walikifunga nyuma ya boza kwa kamba, ubao ukiwatazama watu. Muuguzi aliahidi kukaa na Chiriku, tena aliahidi kabla hajaombwa. Tangi lilikuwa tupu, Mvua hakupita kisimani siku hiyo. Mwalimu akaketi kando yake, na boza likaondoka taratibu kama gari la msiba.

Umande wa usiku ulikuwa umeuacha ubao kijani, lakini kijani hicho kilikwisha kabla hawajafika sokoni. Watu wenye mizigo kichwani walisimama kukitazama kitu walichozoea kukiona ukutani kikitembea mtaani. Kikawa njano. Walipopita kwenye uzio wa kiwanda, pale ambapo majani ya miti yalikuwa meupe kwa unga wa saruji, ubao ukawa mwekundu wa damu, na namba zikapanda mpaka zikafika mahali Mwalimu hakujua kama zinafika. Watu wakaanza kulifuata boza kwa miguu. Hakuna aliyewaita. Kila mmoja alikuwa na kikohozi chake nyumbani.

Mvua aliegesha chini ya dirisha la afisa mazingira, akazima injini. Mwalimu alitegemea rangi ingepungua hapo, mbali na kiwanda, kwenye bustani na maua. Haikupungua. Ubao ulibaki mwekundu vilevile, na makarani waliotoka kushangaa walitazama ubao, kisha wakatazamana.

Afisa alishuka mwenyewe, bila tabasamu safari hii. Akaamuru gari liondolewe. Mvua alichomoa ufunguo, akampa mkewe, naye akautia kifuani. Afisa akasema kifaa hakipo mahali pake, kwa hiyo hakisomi chochote.

"Kanuni haisemi kikae wapi," Mwalimu alimjibu. "Watoto wangu wanaiimba kila siku. Ubao ukiwa mwekundu, tanuru lizimwe. Ndivyo mlivyoandika wenyewe."

Watu walikuwa wameshajaa mpaka barabarani. Afisa akageuka huku na huku, jasho likamtoka, na mazoea yakamponyoka mdomoni.

"Mvua, kimwagie maji hicho kitu!"

Mama mmoja aliyembeba mtoto akauliza taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa tu, "Kwa nini kimwagiwe maji?"

Afisa akarudi nyuma hatua moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye maradhi hayakuwa yake. Alikuwa ameyaficha ya wenzake, vifuani mwa watoto wa wenzake. Mama yule akauliza tena, na safari hii wakauliza wengi, na sauti zao hazikuwa taratibu.

"Tangi ni tupu," alisema Mvua.

Tanuru lilizimwa mchana ule, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwaambia watu wale waende nyumbani likiwa linawaka. Mvua alisimamishwa kazi kabla jua halijazama. Kama tanuru litawashwa tena, na lini, na kwa ujanja gani mpya, Mwalimu hakujua, na hasira haikumtoka hata chembe. Alipita shuleni, akaishusha ile ya kijani iliyopauka, akapandisha nyekundu. Ilipepea na mikunjo yake ya dukani.

Jioni alimkuta Chiriku ameketi kitandani, sauti imeanza kurudi.

"Mama, leo bendera ni rangi gani? Naweza kutoka nje?"

Mwalimu alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka sikio kifuani mwa mtoto, akasikiliza.