Kilengeo Kisicho na Mwenyewe

Kiganja cha yule mama kiligoma kuinuka. Alikuwa ameweka juu ya meza ya kioo kitu kidogo kilichofungwa kwenye leso, kisha akakifunika kwa mkono kama mtu anayemzuia panzi asiruke, huku macho yakiwa mlangoni.

"Kwanza niambie, mwanangu. Unajua kutunza siri?"

Fundi wa kamera aliweka bisibisi chini. Miaka mingi nyuma ya meza ile ilikuwa imemfunza kwamba anayetanguliza siri hufuatisha uongo. "Mimi natengeneza kamera, mama. Siri huja zenyewe."

Leso ikafunguliwa. Ndani mlikuwa na kikebe cha chuma cheusi, si kirefu kuliko kidole gumba, chenye kioo huku na kioo kule, na chini yake mguu bapa.

"Si cha bunduki hiki?" mama aliuliza kwa kunong'ona.

"La. Ni kilengeo cha kamera za zamani. Ukiweka lenzi pana ili upige watu wengi, tundu la kamera lenyewe halikuonyeshi pembeni. Basi unachomeka hiki juu, unachungulia, unaona nani ameingia na nani amekatwa."

Mama alishusha pumzi, lakini uso haukulegea. "Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Tumeishi miaka arobaini na mmoja, sikumwona akishika kamera hata siku moja. Juzi, baada ya arobaini yake, nafungua kopo la vifungo, nakikuta kimelala chini kabisa. Kimefichwa. Nataka kujua kimetoka wapi. Kama ni cha mwanamke, usinionee haya. Niambie."

Fundi alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga. Kwenye ukingo wa kioo cha nyuma rangi nyeusi ilikuwa imelika, shaba ikachungulia, mahali hasa ambapo nyusi ya mtu mmoja ingesugua kwa miaka. Aliijua nyusi hiyo.

"Niachie hadi keshokutwa," alisema, akijitahidi sauti isimwumbue.

"Nikuachie?" Mama alivuta kigoda, akakaa. "Fungua nikiona."

Wakatazamana kama wafanyabiashara wawili wenye mizani moja. Mama aliwaza: mbona amebadilika rangi? Fundi aliwaza: mbona hadithi yake imenyooka hivi, kama nguo iliyopigwa pasi?

Skrubu mbili za mguuni zilitoka bila kusumbua. Chini yake, kati ya mguu na kikebe, palikuwa na kipande cha bati chembamba mfano wa ukucha, kona moja imepinda. Fundi aliweka koleo mezani. Bati lile alilikata yeye, akiwa na miaka kumi na miwili, kwa mkasi wa kucha, kwa sababu kilengeo cha baba kilikuwa kikilegea. "Umeharibu kona," baba alimwambia, "lakini limekaa."

Mwaka uliofuata kilengeo kilipotea. Baba, mpiga picha aliyesifika mtaa mzima kwa jicho lake, alipindua studio juu chini. Kisha akamgeukia mdogo wake, aliyemsaidia kusafisha picha kwenye chumba cha giza. Akamwita binti yake, fundi huyu wa leo, mbele ya watu. "Umemwona nani akikishika?" Naye akajibu, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu alipenda kuulizwa: "Nilimwona baba mdogo." Baba akapiga makofi mara moja, kama anayefunga kesi. "Kikulacho ki nguoni mwako!" Baba mdogo aliondoka jioni ile na sanduku moja. Hata kwenye mazishi ya kaka yake hakutokea, na ukoo ukasema: mwaona? Mwenye hatia hujificha.

Sasa fundi aliona kila kitu, au alidhani ameona. Baba mdogo alikiiba, akampa fundi cherehani amfichie. Labda waligawana. Labda huyu mama anajua, na amekuja kupima kama binti wa mwenye mali bado anakumbuka.

"Marehemu alijuana na mpiga picha yeyote?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mtu haulizaulizi tu," mama alisema, na mkono wake ukarudi mezani, karibu na leso. Ndipo fundi alipoona, kwenye pindo la leso, kitambulisho kidogo cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi, kimeandikwa namba kwa wino uliofifia.

"Hii namba ni ya nini?"

"Kilikuwa kimefungwa kwenye hicho kidude, nikakihamishia kwenye leso. Kila nguo iliyoletwa aliipa namba na kuiandika daftarini. Alikuwa mtu wa utaratibu, mume wangu. Hata shuka zetu alizipa namba."

Walifunga duka wakaenda pamoja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumwacha mwenzake na kile kikebe. Walitembea bega kwa bega, kila mmoja akimchunga mwingine kwa pembe ya jicho. Kilengeo kilikuwa kwa mama, skrubu zake mbili zilikuwa kwa fundi.

Chumba cha kushonea kilikuwa uani. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, utepe wa kupimia ungali ukining'inia msumarini. Madaftari yalikuwa yamepangwa rafuni kufuata miaka. Mama hakuweza kusoma maandishi madogo bila miwani, na miwani hakuipata. Au hakutaka kuipata. Fundi ndiye aliyesoma, akianza na daftari la mwaka ambao kilengeo kilipotea.

"Namba mia mbili kumi na mbili. Koti la kijivu, la mpiga picha. Bitana mpya, mfuko wa kulia umetoboka." Chini yake, kwa herufi zilezile za utaratibu: "Ndani ya bitana kuna kidude cha chuma. Nimekipeleka. Nimekuta watu wamejaa, nduguye anaitwa mwizi. Nimeogopa nitaambiwa tulishirikiana. Nimerudi nacho. Nitakipeleka mambo yakitulia."

Fundi alirudia mstari wa mwisho moyoni, akauona ukiwa mrefu kuliko miaka thelathini na tisa iliyopita tangu siku ile. Kumbe kilianguka kwenye tundu la mfuko, kikateleza chini ya bitana, kikakaa humo huku mwenyewe akilivaa koti na kulaani. Kilikuwa nguoni kweli, nguoni mwake hasa. Kicheko kilimtoka, kikavu, kisha akakaa kwenye kiti cha marehemu.

"Basi si mwanamke," mama alisema.

"Si mwanamke."

Mama alifurahi kwa kitambo cha kufumba na kufumbua. Kisha akauliza, "Na huyo ndugu ilikuwaje?" Fundi akamweleza, hata sehemu yake mwenyewe, sehemu ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Mama alisikiliza akisokota ncha ya utepe wa kupimia, na fundi alipomaliza akasema polepole, "Afadhali angekuwa mwanamke."

Akamkabidhi leso na kilichomo, pamoja na daftari. "Mpelekee. Mwambie mume wangu hakuwa mwizi. Alikuwa mwoga. Sijui lipi zito zaidi."

Jumamosi asubuhi fundi alipanda basi hadi mtaa wa mbali alikosikia baba mdogo anaishi, akauliza nyumba mara tatu. Baba mdogo alifungua mlango nusu. Alikuwa amezeeka kwa namna ileile baba alivyozeeka, na hilo lilimuumiza kuliko alivyotarajia.

"Mmepoteza nini tena?" aliuliza.

Fundi hakujitetea. Alimpa daftari lililofunguliwa na kilengeo juu yake. Mzee alisoma amesimama, midomo ikicheza. Alirudia. Kisha alikishika kilengeo, hakukichungulia, akakipangusa tu kwa kidole gumba.

"Ulisema kweli," alisema hatimaye. "Nilikishika. Nilikuwa nakitoa vumbi."

"Niliulizwa nani alikishika. Sikusema kwamba nilikuona pia ukikirudisha kabatini."

"Uliona?"

"Niliona."

Mzee alimtazama kwa jicho la mtu aliyeamini kwa miaka kwamba anamjua adui yake, na kumbe mwingine, mtoto, alikuwa amekaa kando akichezesha miguu. Ndani redio ilikuwa ikisoma habari. Hakumkaribisha. Wala mlango hakuufunga.

"Kaburi la kaka liko upande gani?"

"Nitakupeleka, baba mdogo. Hata leo."

"Nimekuuliza liko upande gani. Nitakwenda mwenyewe."

Fundi akaanza kumwelekeza: ukishapita lango, fuata ukuta wa kushoto, hesabu safu ya nne, kuna jiwe lililopasuka. Mzee alifumba macho, akiitikia kwa kichwa kila kituo.

"Rudia," alisema. "Polepole. Nimefika langoni."