Nyanya Zilizotangulia Majira

Kwa mtu aliyezoea kuwacheka majirani wanaokimbilia kupanda kabla baridi haijaisha, Mama Mikate alijiaibisha barabara. Mwaka huo alisia mbegu za nyanya katikati ya kipupwe, wakati ardhi ya uani ilikuwa ngumu hata jembe linalia, na umande wa alfajiri unaganda juu ya nyasi. Hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa anashindana mbio na macho ya mumewe.

Mumewe alikuwa mchora mabango, na mtaa mzima ulimwita Rangi. Bucha, kinyozi, fundi viatu, duka la dawa: ukitaka kuijua kazi yake ulihitaji kuinua kichwa tu. Presha ya macho ilipomwanza, aliifanyia kama wanaume wengi wanavyoyafanyia maradhi. Alisema ni vumbi, kisha akasema ni uzee, kisha akailaumu miwani, mpaka siku alipomaliza bango la saluni na mwenye saluni akamuuliza kwa adabu mbona herufi ya mwisho imeandikwa ukutani. Hapo ndipo alipokwenda hospitali, na mkewe akaenda naye ili asije akarudi na hadithi nusu.

Daktari hakuwazungusha. Alisema dawa ya matone itachelewesha mambo, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi, na Rangi tayari alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Majira ya joto yakifika, huenda akabaki na mwanga na vivuli tu. Rangi aliuliza matone yanawekwa mara ngapi kwa siku. Mama Mikate yeye hakusikia kitu kingine baada ya yale majira ya joto. Nyanya za uani kwao huiva katikati ya joto. Alipiga hesabu pale pale kwenye kiti cha hospitali, na hesabu ikakataa. Basi akaamua kwamba zitapandwa mapema, zitake zisitake, ili mume wake aione nyanya moja nyekundu ya kwake kabla dunia haijamfungia mlango.

Ni lazima ujue kwamba bustani ile ilikuwa ya watu wawili. Kila kipupwe, wakati bustani haina kazi nyingine zaidi ya kuzungumzwa, Rangi alichukua ubao wa bango kuukuu, akaupaka nyeupe, akachora uani wao wote: kila tuta na mmea wake na rangi yake. Kisha ugomvi ukaanza. Yeye alipanga mimea kwa jinsi rangi zinavyopendana. Aliweka karoti kando ya kabichi kwa sababu macho yanafurahi, na mkewe akamwambia karoti hazili rangi. Alirudisha nyanya kila mwaka kwenye tuta lile lile lililo mbele ya dirisha la jikoni, na mkewe akamweleza kwa mara nyingine kwamba udongo nao huchoka, na ugonjwa wa mwaka jana umejilaza humo humo unangoja wageni. Walibishana mpaka chai ikapoa na ubao ukapakwa upya. Nikisema kwamba ndoa yao haikuwa na raha zaidi mahali popote kuliko juu ya ubao ule, sitii chumvi.

Mwaka huu Rangi hakumwita. Alijifungia kwenye stoo yake ya rangi, na kilichosikika ni nyundo, ko, ko, ko, kisha kimya kirefu. Mama Mikate hakuuliza. Mwenye siri yake haulizi siri ya mwenzake, anaogopa kurudishiwa swali.

Siri yake ilikuwa kazini, kwenye kiwanda kidogo cha mikate, juu ya rafu iliyo karibu na tanuri. Alitoboa matako ya mikebe ya siagi, akaijaza udongo, akasia. Kwa joto lile mbegu ziliota kwa pupa, akafurahi siku chache. Halafu miche ikaanza kurefuka. Ilirefuka kama vijana waliobalehe juzi, shingo ndefu, kifua hakuna, kwa sababu joto ilikuwa nalo lakini mwanga ulitoka kwenye taa moja ya darini iliyojaa vumbi la unga. Alijua kabisa. Angekuwa jirani ndiye kafanya vile, angemcheka wiki nzima. Badala ya kucheka, akaifunga kwenye vijiti kwa uzi, mche baada ya mche, na kila asubuhi aliikuta imelala upande mwingine.

Aliyeijua siri ile ni wifi yake tu, dada wa Rangi, aliyekata na kufunga mikate meza ya pili. Wifi huyo hakuwa na dogo. Alimuuliza kama anafuga nyanya au anafuga minyoo. Siku nyingine, wakiwa wawili tu, aliacha utani akamwambia, "Mficha uchi hazai, wifi. Mwambie kaka unachokiogopa." Mama Mikate akajibu kwamba haogopi kitu, ila mkate wa tatu unaungua. Na kweli ulikuwa unaungua.

Maji yalizidi unga siku msimamizi alipookota jani la kijani kwenye sinia la mikate. Hakufoka. Alisema anachojua yeye ni kwamba pale panaokwa mikate, na kama kuna aliyeajiriwa kupanda msitu basi amwonyeshe mkataba wake. Mikebe itoke leo. Kwa hiyo mchana ule Mama Mikate na wifi yake walivuka mtaa wakiwa wamebeba kreti la mikate lililofunikwa gunia la unga, kila mmoja upande wake, upepo wa baridi ukiwachapa, na miche miwili ikavunjika kabla hawajafika kwenye kona.

Alikusudia kuificha chini ya kitanda kwenye chumba cha binti yao aliyeolewa. Lakini Rangi alikuwa amekaa jikoni akikuna kucha zake kutoa gundi, wala hakugeuza kichwa walipoingia.

"Leo umezileta nyumbani," alisema.

"Nimeleta nini?"

"Nyanya. Miaka yote unarudi unanuka mkate. Mwezi huu wote unanuka majani ya nyanya. Nikadhani pua nayo imeanza kuharibika."

Wifi alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni, ingawa jiko lake lilikuwa bovu tangu juzi. Akaweka upande wake wa kreti chini, akaondoka. Rangi alisogea, akaingiza mkono chini ya gunia, akapapasa shina moja kutoka udongoni hadi juu. Alisema zimekonda. Mkewe akasema zilikosa mwanga. Rangi akasema hata yeye, mchora mabango tu, anajua kwamba nyanya hazipandwi sasa, kwa hiyo bila shaka mkewe naye anajua. Mkewe akasema anajua.

Uongo wa kusema alikuwa nao, tena wa aina mbili tatu. Mbegu mpya zinazovumilia baridi. Nyanya za kumuuzia msimamizi. Alifungua kinywa na wote ukamkimbia.

"Nilitaka uione moja imeiva," alisema. "Moja tu, ya uani kwetu. Kabla."

Alitegemea ashikwe mkono. Badala yake sauti ya Rangi ilitoka na hasira ambayo mkewe hakuizoea.

"Kabla," alirudia. "Na baada ya hapo mimi ninakuwa wapi? Mama, unaniaga na mimi nimekaa hapa."

Hapo Mama Mikate akalia. Alijikaza siku ya daktari na siku zote zilizofuata, lakini sasa alikaa sakafuni kando ya kreti na kulia bila kujificha. Alimwambia ukweli ambao hata yeye alikuwa hajausikia ukisemwa. Alikuwa anaogopa kukaa uani naye wakati wa joto, mbele ya nyanya zimeiva, na yeye peke yake ndiye anayeziona. Alikuwa anaogopa upweke wake mwenyewe, si giza la mumewe. Alisema anaona aibu kusema hivyo, na Rangi akasema aibu ya nini, kila mtu na woga wake. Hasira ilikuwa imemtoka. Akainuka, akapapasa ukuta hadi stoo, akarudi na ubao wa mwaka huo, akaulaza mezani.

Haukuwa na hata tone la rangi. Ulikuwa umejaa misumari midogo na kamba nyembamba zilizokazwa kutoka msumari hadi msumari, na kamba zilikuwa na mafundo.

"Fumba macho," alisema.

Alifumba. Rangi akashika kidole chake akakiweka juu ya kamba ya kwanza. Hii ni njia, alieleza, na itakuwa na kamba kweli, ya kiunoni, kutoka mlango wa jikoni. Matuta yamekuwa membamba, ili mtu aliyepiga magoti afike katikati kwa mkono bila kukanyaga. Fundo moja ni karoti. Mafundo mawili ni vitunguu, navyo vitakaa mwanzoni, ili pua imwambie ameingia. Mafundo matatu ni nyanya. Mama Mikate aliyatafuta kwa kidole akayakuta upande wa mbali, kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi, si mbele ya dirisha la jikoni. Tuta lile alilokuwa akiligombea mwaka hadi mwaka lilikuwa na fundo moja tu, limepumzishwa kwa karoti. Kumbe mzee alikuwa anasikia siku zote. Alifurahi, na furaha hiyo ilimuuma, kwa sababu wakati yeye anakimbizana na majira, mwenzake alikuwa ameshafika huko peke yake, amekaa stooni na nyundo, anapanga namna ya kuishi.

"Na rangi?" aliuliza, macho bado yamefumba. "Mwaka huu hakuna hata nyekundu?"

"Nyekundu naijua, mama. Nimeipaka maisha yangu yote, siwezi kuisahau hata nikitaka. Nisichokijua ni kuchuma. Nyanya imeiva au haijaiva, nitajuaje kwa mkono? Hilo ndilo nilikuwa nangoja kukuomba. Nifundishe hilo."

Mama Mikate alifumbua macho ili amfundishe, akakuta hana somo. Ameotesha nyanya tangu ni msichana, amechuma ndoo kwa ndoo, na hakuwahi kuchuma kwa mkono. Mkono ulikuwa unafuata tu, jicho likiwa limeshaamua. Alimwambia hivyo hivyo, kwamba hajui. Rangi akauliza unga ukiumuka anajuaje. Alisema kwa kidole, unabonyeza unaona unavyorudi. Rangi akasema basi, kumbe kidole kipo.

Mama Mikate alikwenda kwenye kapu la jikoni. Mlikuwa na nyanya za dukani, zile za kipupwe zisizo na ladha, nyingine zimeiva, nyingine nusu, nyingine bado kabisa. Akazimwaga kwenye sinia kati yao wawili, akazichanganya, na Rangi akamwambia afumbe macho, akafumba.

Aliokota moja. Aliibonyeza kwa dole gumba, akaizungusha, akainusa kwenye kikonyo, akasikiliza uzito wake kiganjani. Ilikuwa kama kumshika mtu ambaye hajatambulishwa kwake. Mwishowe akapiga moyo konde.

"Hii imeiva," alisema.

Rangi aliichukua. Aliileta karibu kabisa na jicho lake lililobaki na nguvu kidogo, akaigeuza polepole, kipande kwa kipande, katika ule mwanga mdogo aliobakiwa nao.

"Bado," alisema. "Huku juu ina kijani. Irudishe, ujaribu tena."

Mama Mikate akaipokea, akairudisha kwenye sinia, akapapasa nyingine, na safari hii hakusubiri kuambiwa afumbe macho.